Kitambaa cha Mwalimu Rodah

Sipendi kuisimulia hii, na nimeshasema. Lakini kila anayekaa kwangu na kikombe mkononi anaanza: kogo, nyanya yetu, tuambie ile ya Jentrix na gari nyeusi. Mnamaliza maziwa yangu, halafu usiku mnaogopa kwenda choo peke yenu na mnaniamsha mimi nishike tochi. Haya. Nitaisema mara moja. Anayetaka kucheka acheke sasa, tumalizane.

Jentrix ni mpangaji wangu hapa Litein, chumba cha pili kutoka kwa tangi. Wazazi wake walitoka magharibi huko wakaja kuchuma majani, naye akachuma miaka ishirini na sita. Ungemjua kwa mikono. Utomvu wa chai ulikuwa umemwingia mpaka kwenye mistari ya viganja, mweusi, sabuni ikashindwa. Halafu mashini za kuchuma zikaletwa, na wachumaji wakaambiwa warudishe vikapu. Akabaki na mjukuu wake Beverly, miaka mitatu, kifua kibovu. Mama ya mtoto aliolewa kwingine na hakutaka kusumbuliwa. Kila usiku Jentrix alimwekea yule mtoto kiganja kwenye paji la uso. Hakuwa na kipimajoto, na hakukihitaji. Kiganja kilitosha.

Aliyemtafutia kazi mpya ni Mwalimu Rodah, wa kanisa letu. Alimpeleka kwa Kiptum, fundi anayeng'arisha rangi ya magari pale barabara ya Sotik. Kiptum ni mpole, lakini ana jambo lake: jua liwake namna gani, yeye ni shati la mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka mwisho.

"Mashini unaijua, mama?" alimwuliza siku ya kwanza.

"Ile iliyonifukuza kazi naijua sana."

Kiptum akacheka. "Hii haifukuzi mtu. Inataka heshima tu."

Akamfundisha. Osha gari kwanza, kwa sababu mchanga ukibaki unachora. Bandika tepu kwenye pembe zote. Dawa ya kung'arisha kidogo, sponji ya mashini ilale sawa, usiikandamize, usisimame mahali pamoja. "Rangi ni kama ngozi, mama. Kwa pembe ni nyembamba zaidi. Ukikaa hapo, unachoma."

Kisha akasema lingine, bila kumwangalia. "Kitambaa cha mteja kinarudi naye, ama tunakichoma jioni. Hakuna mtu anapewa. Hata akilia."

"Kwani kina nini?"

"Kina mchanga."

Jentrix akaona ni mambo ya Wakipsigis, akachukua ndoo. Alikuwa wa kujaribiwa wiki tatu. Akiharibu, anaenda nyumbani, na nyumbani ni kwangu, na mimi sicheleweshewi kodi.

Wiki ya pili, Alhamisi mchana, Mwalimu Rodah akaleta gari yake. Nyeusi, ya zamani, rangi imefifia kama sketi ya shule.

"Jumamosi tunaenda Chebunyo, koito ya kijana wangu," akasema. "Tunaenda kuposa, Jentrix. Wakwe wasiseme nimekuja na sufuria iliyoungua." Akatoa gauni kuukuu la pamba. "Pangusia hili. Nimelivaa miaka tisa, limelainika kunishinda. Sitaki gari yangu iguswe na matambara ya watu."

Kiptum alikuwa na safari ya Kericho kutafuta sponji. Alimwachia Jentrix milango minne. "Boneti niachie mimi," akasema.

Mvua ikanyesha saa tisa kama kawaida yake. Ilipokatika, Jentrix alikuwa amemaliza milango, nayo iling'aa mpaka akajiona meno. Akafikiri: hata boneti nitaweza. Fundi akirudi, ashangae. Tepu ilikuwa imelowa, ikakataa kushika. Akaiacha.

Katikati ya boneti alienda vizuri. Akafika pembeni. Kulikuwa na mkwaruzo mmoja hapo, mkaidi. Akaukandamiza. Akasimama hapo.

Harufu ilikuja kwanza. Kama nywele zinaungua.

Akazima mashini, akapangusa. Nyeusi ilikuwa imeisha. Chini yake kulikuwa na kijivu kikavu, ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Akapangusa tena, kama uchafu. Akapaka dawa nyingine. Mnajua alifanya nini? Alitoa polishi ya viatu kwenye mkoba akaipaka! Ikakaa dakika moja, ikashika ukungu, ikawa kidonda kilichopakwa masizi. Jentrix akapiga magoti kwenye maji ya sabuni. Mwalimu aliyemtolea dhamana. Siku mbili kabla ya koito. Akalia kwa kufunga mdomo, watu wa barabarani wasisikie.

Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka kwenye majani ya chai, na jua lilikuwa linaenda.

"Chamgei," mtu akamsalimu.

Hakusikia hatua. Na pale chini kuna kokoto.

Alikuwa mama mzee, kikapu mgongoni, leso imefunika kichwa. Ngozi yake haikuwa na mkunjo hata mmoja. Mzee, mgongo umepinda, lakini shavu laini kama yai.

"Umechoma," akanong'ona.

"Nimechoma, kogo."

"Itarudi. Nipe hicho kitambaa."

Jentrix akaangalia gauni la Rodah mkononi. "Fundi amekataza."

"Fundi ako wapi?"

Maji yakidondoka kutoka kwenye mabati... tap... tap...

"Utakifanyia nini?"

"Kwani ni chako?"

Hapo ndipo alipojua. Msiniambie hakujua. Mimi nilimwuliza, akaniambia mwenyewe: "Kogo, tumbo lilikataa. Mkono ukatoa."

Yule mama akalikunja gauni, akapitisha kiganja kwenye boneti mara moja tu, kama anayempangusa mtoto kamasi. Kisha akainama kutengeneza kikapu, na shavu lake likaja karibu na uso wa Jentrix.

Jentrix akajiona ndani ya lile shavu.

Macho yake mwenyewe, mekundu, yakimtazama.

Alipopepesa, palikuwa na ukungu tu. Na boneti ilikuwa nzima. Nyeusi, nzito, na vuguvugu.

Ijumaa Rodah akaichukua gari, akamkumbatia Jentrix, akamwambia sasa yeye ni fundi. Jentrix hakutaja gauni. Na Kiptum akamsifu, kwa sababu hakuangalia sana.

Jumanne jioni gari ikarudi. Iliendeshwa na Chelangat, binti wa Rodah, macho yamevimba.

"Mama ako hospitali," akasema. "Paji la uso limetoka ngozi. Ilianza Ijumaa, kitu kidogo, kama kiganja cha mtoto. Koito alienda amefunga leso. Sasa imefika kwa jicho. Daktari mmoja anasema ni mkanda wa jeshi, mwingine anasema ameungua. Ameungua na nini, na hakuna moto aliguza? Leo asubuhi hajanijua." Akapiga boneti kwa ngumi. "Na hii takataka tangu siku hiyo hatujaiosha. Iangalieni."

Iling'aa. Matope ya Chebunyo yalikuwa yamejaa magurudumu, lakini boneti ilikuwa kama maji ya kisima usiku.

Kiptum akaiwekea mkono. Akauondoa haraka.

Alingoja Chelangat aende kutafuta pikipiki. Kisha akamgeukia Jentrix, sauti chini kabisa. "Ulitoa kitambaa?"

Jentrix akaficha mikono nyuma.

Kiptum akafungua vifungo vya shati. Akakunja mkono mmoja mpaka kwenye kiwiko.

Haikuwa ngozi. Ilikuwa buluu, ya kung'aa, kama mlango wa pikapu. Nzi akatua hapo... akateleza.

"Nilichoma gari ya mjomba nikiwa najifunza," akasema. "Nami nikatoa kitambaa."

"Mjomba alikufa?"

"Alipona. Niliisugua ile rangi ikatoka, kwa mkono mtupu. Mashini haiwezi, mama. Mashini haina kitu ya kutoa. Lakini uchungu ulinishinda, nikainua mkono kabla ya kumaliza. Kwa hivyo ikanipanda." Akashusha shati. "Ukianza, usiinue. Hata uitwe na nani."

"Na yule mama ni nani?"

"Mimi nilimkuta hapa. Babangu pia alimkuta hapa."

Jentrix angekataa. Wengi wenu mngekataa, msijidanganye. Lakini Rodah alikuwa anaisha, na aliyemtoa ni yeye. Akapaka dawa ya kusugulia kwenye viganja, ile kali yenye changarawe, akailaza mikono yote miwili kwenye boneti.

Ilikuwa moto. Moto wa homa. Na chini ya rangi, kitu kilikuwa kinapiga... du... du... du...

Akasugua.

Ngozi ya vidole ikaanza kuwaka. Akasugua. Ile harufu ya nywele ikarudi. Akasikia pumzi ikitoka ndani ya gari isiyo na mtu, nzito, ya mgonjwa aliyelala chali. Kiptum alikuwa amegeuka ukutani, akiomba kwa Kipsigis. Ukungu ukaingia mpaka kwenye magoti.

Kisha mtu akasimama nyuma yake. Jentrix hakugeuka.

"Beverly ana homa," sauti ikanong'ona sikioni, taratibu, bila ubaya. "Mtoto anachomeka. Nenda umguse."

Akasugua.

"Anakuita. Unamsikia?"

Na akamsikia. Ninawaapia, alimsikia mjukuu wake akilia *nyanya*, kutoka kwa chumba chao hapa kwangu, kilomita mbili.

Akauma mdomo mpaka damu. Hakuinua.

Nyeusi ikatoka kama ukoko wa kidonda. Kijivu kikatokea. Kile kitu chini kikapiga mara mbili, kikanyamaza.

Boneti ikapoa.

Nyuma yake mtu akacheka kidogo, kama aliyelipwa vizuri. Kokoto hazikulia.

Rodah alifungua jicho saa hiyohiyo, Chelangat alikuwa amefika hospitali, anaweza kuwaambia. Akaomba uji. Ana kovu mpaka leo, na ile gari aliiuza Sotik akiwa bado na bendeji. Daktari alisema dawa imefanya kazi. Sawa. Aseme.

Jentrix alikuja nyumbani akikimbia, akapita mlangoni kwangu bila salamu. Beverly alikuwa kitandani. Akamwekea kiganja kwenye paji la uso, kama kila usiku.

"Ako sawa," akasema. "Mtoto ako baridi. Asante Yesu. Yule mama ni mwongo."

Mimi nilikuwa nimefuata na taa, kwa sababu sipendi watu wanaopita bila salamu. Niliona macho ya mtoto yamegeuka meupe. Nikamgusa.

Ningeweza kuchemsha chai juu yake.

"Jentrix," nikasema, "leta mikono."

Akaileta kwenye taa. Ule weusi wa majani, wa miaka ishirini na sita, ulikuwa umekwisha. Mistari pia. Viganja vilikuwa laini, vyeupe, vinang'aa, na nikiinama niliona uso wangu ndani yake, na taa. Nikamshikisha kioo cha taa, cha moto vile, nimjaribu. Akakishika. Akaendelea kukishika, ananiangalia mimi.

Tulimkimbiza mtoto kwa pikipiki. Alipona, kwa shida.

Jentrix bado yuko kwa Kiptum, na sasa anajua kazi kuliko yeye. Siku hizi naye anavaa glavu. Jioni wanachoma vitambaa, na kuna jioni mtu anasimama ng'ambo ya barabara na kikapu, anangoja tu. Wiki jana gauni langu moja halikuwa kwenye kamba. Mbwa, labda.

Malipo yake ndiyo hayo, kama mlitaka kujua. Alinunua kipimajoto, akakivunja kwa sababu hakujua anakifinya, akanunua kingine, akakivunja. Ameacha. Nina miaka themanini na mbili na bado kila jioni, nikianza tu kusinzia, mlango unagongwa. Ni yeye, mtoto mgongoni.

"Kogo," ananiambia. "Nigusie. Ako moto?"