Siku Nne Tupu Daftarini

Kila alasiri, kazi ya Chiriku ilikuwa kufagia karakana ya baba yake. Baba alikuwa seremala, na karakana ilikuwa uani, nyuma ya nyumba. Mama alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Basi nyumba nzima ilikuwa kelele za kazi, huku msumeno, kule cherehani, na katikati yake Chiriku mwenyewe, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Zamani maranda aliyofagia, yaani lile vumbi na vipande vinavyodondoka mbao ikikatwa, yalikwenda moja kwa moja jalalani. Siku hizi yalikuwa mali. Hayakutupwa hata konzi moja, kwa sababu Dada aliyataka.

Dada alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea uhandisi, na mtaa mzima ulikwisha kumwita Injinia hata kabla hajahitimu. Chiriku akitumwa dukani, mwenye duka alimuuliza habari za Injinia. Wateja wa mama wakija kuchukua nguo zao, waliuliza Injinia atakuja lini. Huyu aliyesimama mbele yao kwa miguu yake miwili hakuna aliyemuuliza kitu. Sare aliyovaa ilikuwa ya Dada, imepunguzwa kiunoni. Begi lilikuwa la Dada. Hata mwalimu wa hisabati alipenda kumkumbusha kwamba dawati alilokalia, Dada aliwahi kulikalia.

Siku ya kufunga shule ndiyo iliyomuuma zaidi. Chiriku alikuwa wa pili darasani, nafasi ambayo hakuwahi hata kuikaribia, na alikimbia njia nzima na ripoti mkononi. Alipofika alimkuta Dada amekuja kutoka bwenini, baba na mama wamemzunguka. Dada alikuwa ameleta tangazo. Chuo kilikuwa kinatoa ufadhili kwa wanafunzi wa uhandisi wenye utafiti wao wenyewe. Yeye alitaka kutengeneza mbao za dari kwa maranda na gundi ya wanga, ziwe nyepesi na za bei nafuu. Bila ufadhili huo asingeweza kulipia mashine ya kupima uimara wake, na utafiti wote ungeishia pale uani.

"Chanda chema huvikwa pete," mama alisema, akimtazama Dada kana kwamba pete yenyewe imeshafika.

Chiriku aliweka ripoti yake mezani. Baba alisema vizuri sana, mwanangu, bila kuitazama, kisha akatua birika la chai juu yake. Birika lilipoinuliwa, karatasi ilikuwa na duara la maji kulizunguka jina lake. Kumbe na yeye amevikwa pete, Chiriku aliwaza, na moyo wake ukajaa wivu.

Kesho yake Dada alimkabidhi kazi. Vipande sita vya mbao zake vilikuwa vimepangwa kwenye rafu karakanani ili vikauke. Kila siku saa kumi jioni, kwa siku thelathini, kila kipande kilitakiwa kupimwa uzito na kuandikwa daftarini. Mizani ilikuwa ya maabara ya chuo, ya kuchomeka kwenye umeme ukutani, na ilionyesha hata tofauti ya gramu moja. Dada alilazimika kurudi masomoni, kwa hiyo mpimaji angekuwa Chiriku.

Wiki mbili za kwanza alipima vizuri, ingawa alinung'unika. Wiki ya tatu wenzake walianza mashindano ya kuruka kamba barabarani, na yalianza saa kumi hasa. Siku ya kwanza Chiriku alijiambia atapima baadaye. Hakupima. Siku ya pili hakujiambia hata hivyo. Kila alipoikumbuka rafu ile aliliona lile duara juu ya jina lake, akairuka kamba kwa nguvu zaidi. Kama Injinia anataka pete, aje apime mwenyewe.

Siku ya tano roho ilimsuta, lakini si sana. Alifungua daftari, akaziona siku nne tupu, akashika kalamu. Vipande vilikuwa vikipungua gramu mbili hivi kila siku, basi yeye naye akapunguza mbili, mbili, mbili, mpaka mistari yote ikajaa. Kazi ya siku nne aliimaliza kwa dakika tano. Siku zilizobaki alipima kama kawaida.

Dada alirudi siku moja kabla ya mwisho wa kupeleka maombi. Aliweka kompyuta yake kwenye meza ya sebuleni na kumwomba Chiriku amsomee vipimo huku yeye anaandika. Mama alikuwa kwenye cherehani, akishona kwa mkono upindo wa gauni, kastabini, kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano, kwenye kidole chake cha kati. Chiriku alisoma haraka haraka. Alipofika Jumatano ya wiki ya tatu, mama akacheka peke yake.

"Jumatano ile siisahau," alisema. "Umeme ulikatika tangu asubuhi mpaka kesho yake. Nilinyoosha nguo za harusi kwa pasi ya mkaa, mikono ikawa myeusi kama ya fundi magari."

Dada alikuwa amezama kwenye kompyuta na hakusikia. Lakini Chiriku alisikia. Mizani ilichomekwa ukutani. Siku ambayo umeme haukuwapo, daftari lilikuwa na vipimo sita, safi, kila kimoja pungufu kwa gramu mbili. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia Jumatano.

Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyeshtuka. Alisoma Alhamisi, akasoma Ijumaa, sauti ikizidi kuwa ndogo.

"Umechoka, mdogo wangu," Dada alisema. "Tumebakiza kidogo. Hebu angalia hapa kama nimeandika sawa."

Akamgeuzia kompyuta. Kwenye fomu ya maombi palikuwa na sehemu ya msaidizi wa utafiti. Chini yake Dada alikuwa ameandika jina kamili la Chiriku, lile la shuleni ambalo nyumbani halitumiki, na mbele yake: mwanafunzi wa darasa la sita, wa pili darasani, hodari wa hisabati.

"Nani alikwambia mimi ni wa pili?" Chiriku aliuliza.

"Niliisoma ripoti yako birika lilipoinuliwa. Kwa nini unadhani nilikuchagua wewe?"

Kumbe mtu mmoja tu katika nyumba hii ndiye aliyeisoma ripoti ile, na ndiye huyu aliyekuwa akimwonea wivu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alifunga daftari.

"Dada, siku nne za wiki ya tatu ni za uongo," alisema. "Sikupima. Nilikuwa naruka kamba, halafu nikajaza tu. Nilikuwa nakuonea wivu."

Mama aliacha kushona. Dada hakumgombeza. Aliliangalia daftari, akamwangalia Chiriku, kisha akainuka na kwenda karakanani, akakaa huko muda mrefu. Mama naye aliinuka. Alikwenda kabatini, akapekua makaratasi mpaka akaipata ripoti, akasimama akiisoma mstari kwa mstari.

Dada aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alisema kwamba vipimo vya uongo vikiingia kwenye hesabu, mbao itaonekana imekauka kumbe bado mbichi, na siku moja dari itamshukia mtu kichwani. Kisha akakaa, akafuta namba za siku zile nne, akaacha mistari mitupu. Chini yake aliandika kwamba vipimo vya siku hizo havikuchukuliwa. Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo kama na jina lake litafutwa.

"Hapana," Dada alisema. "Siku ishirini na sita ulipima. Hizo ni zako."

Maombi yalipelekwa hivyo hivyo, yana pengo. Wiki tatu nyumba ilikaa roho juu, na Chiriku alifagia karakana mara mbili kwa siku bila kuambiwa. Hatimaye Dada aliitwa kwenye usaili mbele ya wahadhiri watatu, na swali la kwanza lilikuwa pengo lile. Alieleza ukweli wote. Walimpa ufadhili, lakini si kwa awamu ya kwanza. Ilibidi asubiri muhula mzima, kisha apime upya siku zote thelathini. Dada alifurahi, ila furaha yake ilikuwa na uchovu ndani yake, na Chiriku alijua uchovu ule umetoka wapi.

Jioni habari hizo zilipofika, baba aliipigilia ripoti ukutani karakanani kwa misumari minne midogo, duara na vyote. Alisema anaomba radhi kwa lile birika. Mama alimwita Chiriku kwenye cherehani, akamwonyesha kidole chake cha kati.

"Nilikuwa nasema chanda chema huvikwa pete, nikasahau vidole vingine," alisema. "Hiki chenye kastabini ndicho kinachosukuma sindano. Lakini hiki kingine kisiposhika nguo, sindano itakwenda wapi? Ukiumia, mwanangu, sema umeumia. Mimi na baba yako tulikosa, na ungetuambia tungesikia. Wivu ukiufungia ndani hautulii, hutafuta mahali pa kuharibu. Na kazi ya mwenzako ukiichafua, umechafua na jina lako lililomo."

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

Muhula ulipita, Dada akaleta daftari jipya na vipande sita vipya, naye Chiriku akawa anatoka shuleni moja kwa moja hadi kwenye rafu. Siku ya tisa, saa kumi jioni, alichomeka mizani ukutani. Haikuwaka. Akajaribu taa, nayo haikuwaka. Barabarani wenzake walikuwa wanamwita kwenye kamba.

Alifungua daftari kwenye ukurasa wa siku hiyo, akaandika: "Hakuna umeme. Sikupima." Akaweka sahihi yake, kisha akatoka kwenda kuruka.