Njuga za Gongoni

Siku ya kwanza walidhani ni masikio yao tu. Jenifa alikuwa amesimama, miguu imetulia, lakini njuga zake ziliendelea kulia: hatua moja, kimya, hatua nyingine, kama mtu aliyechoka anayekuja nyuma yao.

Kikundi chao cha ngoma pale Ipuli hakikuwa na vyombo vya fahari. Walicheza kwa vitu vya nyumbani: majembe yaliyogongwa kwa vyuma, kinu, ungo wenye mbegu. Njuga pekee zilikuwa ngeni. Masolwa, fundi mwashi, alizifukua kwenye msingi wa nyumba huko Gongoni, akampa dada yake Theodora, kiongozi wa kikundi, naye akamfunga bintiye Jenifa miguuni.

Jumamosi iliyofuata, jua la saa tisa likiwaka, wapiga majembe walinyamaza lakini Jenifa hakusimama. Alikizunguka kinu kwa hatua fupi nzito, shingo imedidimia, mikono juu imeshika kitu kisichoonekana, na uwanja ukanuka jasho lililochacha na vumbi la safari, na kadiri walivyomwita ndivyo alivyozidi kuinama, mpaka magoti yakaanza kutetemeka na alama ya kamba ikajichora kwenye paji la uso palepale machoni pao. Masolwa alijaribu kukata uzi wa njuga, kisu kikapinda.

Wakamleta Bi Sayi, mganga wa mtaa wa pili. Alifukiza ubani, akauliza kwa upole ni nani mwenzao huyu. Sauti ya kiume ikatoka kinywani mwa msichana.

"Mpagazi. Nimetoka Ujiji na mzigo huu. Nitueni."

Bi Sayi akawaonya wote: mzigo ule ulikuwa wa kushushwa chini kwa dua, asiupokee mtu. Akaanza kusoma. Lakini dua ilikuwa ndefu, na shingo ya mtoto ilikuwa ikialika kama kuni kavu. Theodora hakuweza kuvumilia. Alisogea, akanyoosha mikono juu ya kichwa cha bintiye.

"Lete, baba," alinong'ona. "Nimekutua."

Jenifa akaanguka, akalala usingizi mzuri. Njuga zikafunguka zenyewe. Bi Sayi alikunja mkeka wake akaondoka bila kuaga, wala hakumtazama Theodora usoni.

Asubuhi Jenifa aliamka mzima, akaomba uji. Mama yake akaenda jikoni kuuleta. Alirudi, mkono mmoja umeshika kikombe, mwingine uko juu ya kichwa kitupu, na alipofika mlangoni akakunja magoti, akapita chini chini, taratibu, kama mtu anayechelea mzigo wake usigonge kizingiti cha juu.