Mwavuli wa Chumvini

Jua lilipoanza kuuma, miavuli ya Jiji la Fukweni iliinuka kutoka vituoni mwake na kutandaa angani. Kila mmoja ulikuwa mpana kama kiwanja cha mpira na mwembamba kuliko ganda la kitunguu, ukielea bila kelele kwa mota ndogo zilizokula mwanga uleule uliokuwa ukiuzuia. Chini yake joto lilishuka hadi watu wakaweza kutembea, kupika, hata kugombana na majirani kama enzi za mababu, kabla dunia haijaiva. Kule Kilimani, walikokaa wenye nazo, mambo yalikuwa matamu zaidi. Bibi kizee akitoka na mbwa wake, mwavuli ulijimega kipande kidogo, nacho kijivuli hicho kilimfuata bibi kona kwa kona mpaka arudi nyumbani. Mbwa naye hakusahauliwa.

Aliyeiongoza miavuli yote aliitwa Mgawaji. Hakuwa mtu, alikuwa akili ya mashine iliyowekwa na jiji ili kugawa kivuli kwa haki, pasipo upendeleo wala hongo. Kila mwaka alipiga hesabu zake upya, akaamua mtaa upi upate kivuli kwa saa ngapi. Watu wa Kilimani walimsifu sana. Walisema angalau mashine haina ndugu.

Chumvini, mtaa wa wachota chumvi, kivuli kilifika alfajiri, wakati hakuna aliyekihitaji, na kikaondoka jua likipanda. Basi wanaume kwa wanawake waliinama kwenye mabwawa ya chumvi mchana kutwa, jua mgongoni na mng'ao wa chumvi usoni. Wengi wao walikuwa weusi tititi, na Kilimani walikuwa na maneno yao kuhusu hilo. Wale jua ni lao, walisema, na wakasema bila kuona haya.

Mbeyu Karisa alizaliwa Chumvini na hakuhama. Aliendesha Redio ya Ukuta, iliyoitwa hivyo kwa sababu vipaza sauti vyake vilijengewa ndani ya ukuta wa dobini, pale watu wote walipokuja kufua. Redio ile ilikuwa na utaratibu wake, nao uliitwa kusomeana. Habari haikuruka hewani mpaka isomwe kwanza mbele ya wenyewe, wakiwa wamekaa palepale ukutani. Mkubwa wa familia inayohusika akisema "weka," iliwekwa. Akisema "toa," ilitolewa, hata kama mwandishi ameihangaikia mwezi mzima. Na kila habari iliyowekwa ilimalizika kwa kazi: nani aende kwa diwani, nani akusanye majirani, nani akae na mgonjwa. Mbeyu hakuwa na subira na habari ambayo watu huisikiliza, wakasikitika, kisha wakaenda kulala.

Baba yake, Mzee Karisa, alisoma tanzia. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, na watu walitania kwamba ukisomwa na Karisa hata madeni yako yanasamehewa. Alisoma jina, ukoo na mahali pa mazishi, kisha akamaliza daima kwa neno moja: amepumzika. Hakusema kilichoua. Chumvini hakuna aliyekufa kwa jua. Kampuni ya chumvi ilikuwa na desturi yake pia: mchotaji akianguka kwa joto, nyumba yake yote ilihesabiwa kuwa dhaifu, na watoto wake wakarudishwa kutoka langoni. Kwa hiyo majirani walimbeba marehemu haraka, wakamwosha chumvi usoni, na Karisa akasema amepumzika. Kesho yake watoto waliingia kazini na macho mekundu.

Jumatatu moja Mbeyu alikwenda kwenye dirisha la maswali, katikati ya jiji. Sheria ilimlazimu Mgawaji kumjibu kila raia ukweli mtupu. Ila hakujibu asichoulizwa.

"Kwa nini Chumvini tunapata kivuli cha alfajiri tu?" aliuliza Mbeyu.

"Kwa sababu ya kigezo cha uvumilivu," ilijibu sauti, ya upole kama ya muuguzi. "Miili yenye ngozi nyeusi sana hustahimili joto zaidi. Kivuli hupelekwa kwanza kwa wasiostahimili."

Mbeyu aliushika ukingo wa dirisha. "Nani alikwambia hivyo?"

"Kigezo kiliwekwa kabla sijawashwa. Chanzo chake ni kumbukumbu za wanyapara wa mashamba ya zamani."

"Wanyapara. Hao waliokuwa wanatupiga."

"Kumbukumbu hazielezi hilo."

Alitaka kulipiga dirisha ngumi. Badala yake aliuliza kilichomleta. "Ili ukifute unataka nini?"

"Ushahidi kwamba kigezo si sahihi. Kifo kimoja cha joto kinatosha kunifanya nipige hesabu upya. Chumvini hakijatangazwa hata kimoja."

"Vifo vyetu unavipata wapi?"

"Chumvini hakuna daktari. Jiji limekubali tanzia za Redio ya Ukuta kuwa kumbukumbu rasmi. Hesabu za mwaka huu zinafungwa Ijumaa."

Mbeyu alisimama pale na jina la mama yake mdomoni. Sidi alianguka bwawani mwaka juzi, saa nane mchana, koleo mkononi. Kifo kimoja kinatosha, angelitamka tu. Lakini halikuwa lake kulitamka. Halikuwa limesomwa ukutani, na mkubwa wa nyumba hakuwa amesema weka. Kulikuwa na swali jingine pia, na lilipomjia alihisi baridi katika joto lile. Hakuliuliza. Alirudi nyumbani kwa miguu, akiomba baba yake naye asije akaliwaza.

"Tanzia ikishasomwa imesomwa," alisema Mzee Karisa, alipoelezwa. Alikuwa ameketi kizingitini akimenya muhogo.

"Tuseme kilichowaua, Baba. Wote, siku moja. Akisema mmoja, watamfukuza. Tukisema sote, chumvi atachota nani?"

"Mamako alikuwa akichota hadi vijana wanaomba maji. Mtaa mzima unamjua hivyo. Leo nimwite hewani niseme alishindwa?"

"Hakushindwa. Aliuawa."

"Toa," alisema mzee, akaendelea kumenya.

"Baba, mimi ndiye niliyembeba."

"Najua. Miguu nilishika mimi." Kisu kilitulia juu ya muhogo. Mbeyu aliona aibu kumsukuma mtu wa umri ule mahali panapomuuma.

Alhamisi alasiri watu walijaa dobini. Mbeyu alisoma yote aliyojibiwa dirishani, kigezo kwa maneno yake yaleyale, na alipofika kwenye wanyapara manung'uniko yalipita toka safu ya mbele hadi kwenye kamba za nguo. Kisha akaanza kusoma majina. La kwanza lilikuwa la Katana, mtoto wa Jumwa, mjane aliyekuwa akiuza mihogo karibu na lango la kampuni.

Jumwa alinyanyuka. "Mimi nikisema weka, wanangu wawili wanarudishwa kesho. Tutakula nini, mwanangu?"

"Ukisema peke yako, kweli watarudishwa. Kazi ya habari hii ni kwamba kesho hakuna anayeingia langoni mpaka wote waingie."

"Maneno matamu hayo. Na Sidi? Yumo humo?"

Watu waligeuka wakamtazama Mzee Karisa, na yeye aliitazama mikono yake. Ikawa wazi kwamba nyumba yenyewe ya redio ilikuwa inaomba wengine watoe ambacho haijatoa. Mmoja mmoja walianza kukusanya nguo zao. Mbeyu aliona mkutano unamponyoka, na mwaka mwingine wa jua unakuja.

Mzee Karisa aliinuka. Alikwenda ukutani taratibu, akachukua kipaza sauti.

"Washa," alimwambia binti yake.

"Baba, bado hatujamaliza kusomeana."

"Wenyewe si hawa hapa? Washa."

Mbeyu aliwasha. Sauti ile nzito ikatoka ukutani, ikasambaa mtaa mzima, mpaka mabwawani.

"Kombe, baba yake Kache. Nilisema amepumzika. Hakupumzika. Jua lilimuua, akiwa kazini." Nyuma kabisa, sauti ya msichana ikasema weka. "Katana wa Jumwa. Nilisema amepumzika. Jua lilimuua." Jumwa alijifunika uso kwa leso. Weka, alisema. Mzee aliendelea. Hakuhitaji kusoma popote, kwa maana alikuwa nao kichwani wote, kwa jina na kwa ukoo, na kwa kila jina mtu alijibu. Wengine walijibu kwa kilio.

Alipofika kwa wa mwisho alisema, "Sidi." Akarudia, "Sidi, mke wangu." Sauti iliyosoma misiba ya watu wote ikagoma. Ukuta ulikuwa unatoa pumzi zake tu.

"Jua lilimuua," alisema Jumwa. Mwingine akarudia, kisha wote, si kwa pamoja bali kila mtu kwa wakati wake, mpaka Mzee Karisa akaitikia kwa kichwa na kusema, kwa sauti isiyozidi ya mtoto, "Weka."

Asubuhi ya Ijumaa maroboti yaliyolinda lango la kampuni yalikuwa yameshapewa majina ya nyumba zilizotajwa. Yaliwaita wale ambao nyumba zao hazikutajwa, wapite. Hakuna aliyepita. Walikaa chini mbele ya lango, na jua likawapiga hivyohivyo, na mabwawa yakakaa bila koleo hadi chumvi ikaanza kuganda kwenye mifereji. Mbeyu alitangaza kutoka palepale. Aliwataja waliozimia kadiri walivyozimia, kwa majina na kwa sababu, nao waliobaki wakawanywesha maji. Kampuni ilivumilia mpaka Jumapili. Lango lilifunguliwa kwa wote, bila kuomba radhi.

Mwavuli ulikuja Jumatatu. Watoto waliuona kwanza, ukitokea upande wa Kilimani, na wakaukimbilia. Ulitandaa juu ya Chumvini saa ile kali kabisa, na joto likashuka, na watu wakatoka nje wakasimama tu, hawajui wafanye nini na mchana. Jumwa aliketi katikati ya njia, akalia kwa sauti. Kigezo kilikuwa kimefutwa, na wazee ambao wenza wao waliuawa na jua waliwekwa mbele ya wote katika mgao mpya.

Mchana huo Mzee Karisa alivaa kanzu yake ya mazishi, akasema anakwenda mjini.

"Kufanya nini, Baba?"

"Kuuliza."

Mbeyu alijua. Alitafuta visingizio vyote, umbali, magoti, chakula kilicho jikoni, na mwisho akamfuata, kwa kuwa hakuweza kumwacha aende peke yake. Mzee alisimama mbele ya dirisha akiwa amevua kofia.

"Wa kwanza alikuwa Kombe," alisema. "Siku ile ningesema jua limemuua, mwavuli ungefika lini?"

"Baada ya msimu mmoja," ilijibu sauti ya muuguzi.

"Sidi alikufa baada ya Kombe."

"Ndiyo. Baada ya misimu miwili."

"Kwa hiyo angekuta kivuli."

"Angekuta kivuli."

"Baba, si wewe," alisema Mbeyu. "Ni wanyapara walioandika uongo ule kwanza. Wewe ulikuwa unawalinda watoto wasikose kazi. Uliza tena, muulize ni nani aliyeanza."

"Nimesikia, mwanangu," alisema mzee, akavaa kofia yake.

Walipofika nyumbani hakuingia ndani. Alichukua kiti chake, akapita chini ya mwavuli hadi ukingoni mwa mtaa, kule ambako mabwawa yanaanzia na mwavuli unaishia, akakiweka juani, kando ya bwawa alipoangukia mkewe. Akakaa, mgongo wima, uso juu.

Angani, mwavuli ulimwona. Ulijimega kipande kidogo, kikashuka kimyakimya na kumfunika. Mzee alisimama, akasogeza kiti juani. Kijivuli kikasogea. Akabeba kiti tena, mbali zaidi, viatu vikizama kwenye chumvi, na kijivuli kikamfuata hatua kwa hatua kama kilivyofundishwa. Mbeyu aliyaona hayo kutoka ukingoni, akitaka kukimbia na asiweze. Mara ya nne mzee hakusimama. Aliinamisha kichwa katika ubaridi ule na mabega yake yakaanza kutikisika, na hapo Mbeyu akavua viatu, akaingia bwawani, akaenda kukaa chini karibu na kiti. Kijivuli kilijitanua kidogo, kikamfunika naye.