Mzigo wa Mlango wa Uani

Eustadia alishuka kwenye lori la tumbaku mjini Tabora asubuhi, tumbo la miezi tisa mbele, mumewe Ambrosi nyuma na kapu la nguo na chupa ya asali ya Sikonge. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Kijiji chao kipya cha ujamaa hakikuwa na zahanati bado, na Eustadia alikwishazika watoto wawili waliozaliwa nyumbani. Safari hii Ambrosi aliapa: huyu atazaliwa karibu na hospitali, watu waseme wanavyotaka.

Walifikia kwenye hoteli kongwe, iliyokuwa nyumba ya tajiri mmoja wa misafara. Kuta nene, mlango wa mbele umenakshiwa, na nyuma kuna mlango mfupi wa uani, walikopitia wapagazi na pembe za ndovu. Msimamizi wake, Bi Mwanamkuu, alikuwa mama mwenye mdomo wa utani.

"Asali hii unaniletea, au unanichumbia mbele ya mkeo?" alimwuliza Ambrosi. Wakacheka wote watatu. Kisha akashusha sauti.

"Wanangu, hapa sheria ni moja. Mtu akija mlango wa uani na mzigo begani, msimpokee. Zamani mpagazi mmoja alifika hapo akitoka pwani, hoi, akaomba apokewe. Watu wakamwangalia tu. Akafa amesimama. Mpaka leo anatafuta wa kumpokea."

"Bi Mkubwa, watu tunajenga taifa, wewe bado uko na wapagazi?"

"Jenga, baba. Ila usimpokee."

Siku chache baadaye, mchana mweupe, Bi Mwanamkuu alikwenda msibani. Ambrosi alilala chumbani. Eustadia alikuwa uani peke yake, akichambua mlenda.

"Hodi."

"Karibu," aliitikia kabla hajafikiri.

Mlango ukasukumwa. Mzee alisimama pale na mzigo begani, umefungwa kwa mkeka. Alikuwa akichuruzika maji mwili mzima, na nje jua linawaka. Harufu ikamjia Eustadia, ya chumvi na samaki wabichi. Bahari hakuwahi kuiona maishani mwake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nipokee."

Sasa wewe niambie. Binti wa Kinyamwezi, tangu anajifunza kutembea anafundishwa kwamba mkubwa akija na mzigo unamkimbilia, angefanyaje? Onyo alilikumbuka, wallahi alilikumbuka vizuri. Mikono ndiyo haikukumbuka. Ilikwishanyanyuka.

"Wewe! Na hali hiyo?" Ambrosi alitoka mbio, usingizi bado machoni. Yeye hakumtazama mzee hata usoni; aliona tumbo la mkewe tu. "Kaa chini. Lete, babu."

"Ambrosi, usi..."

Akapokea.

Mzee akanyoosha mgongo. Mifupa ikalia. "Ahsante," akasema taratibu, na pale alipokuwa amesimama hapakuwa na mtu tena.

Ambrosi akataka kuutua mzigo. Haukutulika. Akapiga magoti, akalala ubavu. Umemganda. Eustadia akauvuta kwa mikono miwili huku analia, mkeka baridi kama maji ya kisima. Kisha Ambrosi akainuka, na uso wake ulijaa woga.

"Miguu inakwenda yenyewe," alinong'ona. "Eusta, mtunze mtoto."

Akatoka. Akashika njia ya mashariki, ile ya zamani ya kwenda pwani. Mkewe alimfuata akimwita mpaka uchungu ukambwaga barabarani. Jioni ile akajifungua hospitali, mtoto wa kike, mzima. Akamwita Pelagia.

Polisi walitafuta, wakachoka. Eustadia hakurudi Sikonge. Alibaki hotelini akifua mashuka, maana kama yule mzee aliweza kurudi, basi na Ambrosi atarudi. Alimpenda, akakataa kuwaza zaidi ya hapo. Mtoto alimlea kwa adabu. Kila mgeni akija, Pelagia mbio: "Shikamoo! Nikupokee?" Watu wakamsifu mama.

Ikafika miaka ya Pelagia kuanza shule. Mchana. Jua kali.

"Hodi."

Sauti aliijua.

Ambrosi alikuwa mlangoni. Nywele zote nyeupe. Maji yakimchuruzika. Mzigo ule ule.

"Eusta. Nimechoka. Nipokee."

Jamani, mapenzi! Aliyajua yote, na bado akanyoosha mikono. Vidole vilikaribia kugusa mkeka aliposikia miguu midogo nyuma yake.

"Shikamoo, baba! Lete nikupokee!"

Eustadia akamdaka mtoto kiunoni. Ambrosi akawatazama wote wawili.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye."

"Funga mlango, mke wangu. Funga upesi."

Akafunga. Akatia komeo. Upande wa pili kitu kikaegemea ubao. Pumzi. Pumzi nzito. Kisha nyayo zenye maji, zikienda mashariki.

Mlango upo mpaka leo. Ubaoni pana alama ya unyevu yenye ukoko wa chumvi, iliyoanzia usawa wa paji la uso la mtu mzima. Wamepaka rangi, wamepiga randa, inarudi. Eustadia huifuta kwa kanga yake kila mchana. Zamani alikuwa akiifikia kwa kunyoosha mkono. Siku hizi imeshuka, kama paji la mtu anayezidi kuinamishwa na mzigo, naye huifuta akiinama.