Rangi ya Kucha Kwenye Puli

Upepo wa kaskazini ulikata kamba ya nanga kama uzi wa kushonea. Dakika ile ile injini ikakohoa mara mbili, ikapiga mshindo kwenye bomba la moshi, ikanyamaza. Merceditas, mashua ya mbao inayosukumwa na injini ya gari la mwaka hamsini na mbili, ikageuza ubavu na kuanza kwenda kusini yenyewe.

Walikuwa watatu ndani yake. Reinier, mwenye mashua, mkewe Yusimí, na mama yake Reinier, Hortensia, mwanamke mpana asiyejua kunyamaza. Walitoka bandari ya Batabanó alfajiri kwenda kuchukua sifongo zilizoachwa zioze nyama yake, zibaki safi, kwenye zizi la maji kando ya visiwa vya mbali, na walitazamia kurudi usiku ule ule. Ndiyo maana maji ya kunywa yalikuwa dumu dogo tu, na ndiyo maana Yusimí alikubali kumwacha Leandrito, mwenye miezi saba, kwa dada yake.

Mawimbi yaliwapiga usiku kucha. Walikumbatiana chini ya turubai, katikati ya magunia ya sifongo yanayonuka kama jini la baharini, wakisubiri kuche.

Asubuhi upepo ulikuwa bado unasukuma, ila bahari ilikuwa imetulia kidogo. Yusimí aliinama ukingoni. Chini aliona majani ya bahari, ya kijani, yakiyumba. Alishukuru. Palipo na majani, bado wako ndani ya ghuba. Majani yakiisha, maji yanakuwa ya bluu nzito, na huko hakuna mashua inayopita kwa siku nyingi.

Hortensia aligawa maji kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo. Kimoja kimoja. Yaliyobaki, alisema, yatafika jioni, wala asiulizwe habari ya kesho.

Reinier alikwisha kuona kosa. Boliti inayobana distribuita, kile kigawa cheche, ililegea kwa mtikisiko, distribuita ikazunguka, na cheche sasa zilikuwa zinaruka wakati usio wake. Aliirudisha kwa kufuata alama iliyochongwa kwenye puli, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini, akakaza. Betri ilikuwa na nguvu ya kutoa cheche tu, si ya kuzungusha injini, kwa hiyo akachukua hendeli ya kuizungusha kwa mkono, akasimama vizuri, akavuta.

Injini iliwaka kinyume. Hendeli ilirudi kama teke la nyumbu, na wote wakasikia mfupa wa kifundo cha mkono ukilia.

Hortensia alimfunga mwanawe kwa ubao wa kreti na vipande vya taulo. Yusimí alitazama tena majini. Majani yalikuwa machache sasa, mabaka mabaka kama nywele za mzee. Maziwa yalikuwa yamemjaa hadi blauzi imelowa. Ndiyo saa ambayo Leandrito huamka na kutafuta.

Alipiga magoti mbele ya injini.

"Rei, puli hii uliipata wapi?"

"Kwa Orestes wa vyuma chakavu. Ile ya zamani ilipasuka."

"Ilikuwa ya gari gani?"

Reinier alifumba macho. "La Kirusi."

"Basi alama hii ni ya injini ya Kirusi," Yusimí alisema. "Yetu hata haiijui."

Nchini kwao hakuna injini isiyovaa kiungo cha mwenzake, na fundi wa mtaani hutega majira ya cheche kwa sikio, alama haitazami. Reinier naye siku zote alitega kwa sikio. Lakini injini iliyozimika haina sauti ya kusikiliza, na kwa woga aliamini kilichoandikwa.

Yusimí aliwaeleza atakachofanya. Hortensia aliuliza kama hayo ndiyo aliyokuwa akifundishwa kwenye masomo ya jioni, mimba ikiwa imefika puani, huku yeye mama mkwe akibaki kuosha vyombo. Yusimí akasema ndiyo, mama, hayo hayo.

Alifungua plagi ya silinda ya kwanza, akaziba tundu kwa kidole. Hortensia akazungusha hendeli polepole. Mara hewa ikasukuma kidole kwa nguvu, kama mtoto anayelitema titi. Pistoni ilikuwa inapanda.

"Sasa sindano yako, mama."

"Ya soksi za mjukuu wangu?"

"Hiyo hiyo."

Yusimí aliishusha sindano ya kufumia tunduni hadi ikagusa pistoni, akiishika kwa vidole viwili. Hortensia akizungusha, ikapanda, ikapanda, ikasimama. Akatoa mfukoni kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, ambacho tangu juzi Hortensia alikuwa akikisimanga kuwa ni mzigo wa malkia, akatia nukta kwenye puli, mkabala na ncha ya chuma iliyo kwenye injini. Hortensia akazungusha kidogo tena. Sindano ilipoanza kushuka, Yusimí akatia nukta ya pili mkabala na ncha ile ile. Katikati ya nukta mbili ndipo kilele cha kweli cha pistoni kilipo. Hapo akapiga mstari.

Wakairudisha injini nyuma, kisha wakaileta mbele taratibu, wakasimama mstari ukiwa umebakiza upana wa kidole kuifikia ncha, maana cheche hutangulia kidogo.

"Karatasi ya sigara," alisema Yusimí.

Hortensia alitoa pakiti yake. Ilibaki sigara moja kavu. Aliipasua, tumbaku ikaenda na upepo, akatoa karatasi. Yusimí aliibana katikati ya pointi, vile vidomo viwili vya distribuita vinavyoachana cheche inaporuka, akaivuta kidogo kidogo huku akizungusha distribuita kwa unywele. Ilishika. Ilishika. Ikateleza. Akaacha hapo hapo, akakaza boliti, akaizungushia na waya. Akarudisha plagi, sindano akamrudishia mwenyewe.

"Kidole gumba nje, mama. Usikikunje. Vuta juu tu."

"Mimi nimezaa wanaume wanne," alisema Hortensia, akavuta.

Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kikohozi. Yusimí alitazama chini: hakuna jani hata moja, bluu tupu. Mara ya tatu injini ikashika, ikatetemeka, halafu ikatulia katika mlio mzito, sawasawa, kama paka aliyeshiba.

Reinier alishika usukani kwa mkono mzima, akaelekeza kaskazini. Baada ya nusu saa majani yakarudi.

Walifika Batabanó jua linalegea. Dada yake Yusimí alikuwa gatini na mtoto anayelia hadi sauti imekauka. Yusimí aliketi juu ya gunia la sifongo, na Leandrito akashika titi kabla hata mama yake hajafungua blauzi vizuri. Reinier alitaka kuzima injini aende hospitali. Mama yake akamzuia mkono.

"Ngoja. Mtoto anaisikiliza."

Wakangoja. Mtoto alinyonya, akapunguza, akalala. Ndipo Hortensia akainama na kuzima injini, kisha akaketi karibu na mkwewe na kumnyooshea mkono wenye kucha zilizopasuka.

"Haya, fundi," alisema. "Kama rangi imebaki hata tone."