Mikayi Hakatwi

Rangi nyekundu ndiyo iliyotangulia kuondoka. Bathsheba aliligundua hilo Jumanne saa sita mchana, akiwa studioni kwake Homa Bay, pazia limefungwa ili kioo cha kompyuta kisipigwe na jua. Kwenye kioo, mazishi ya mzee mmoja wa Oyugis yalikuwa na rangi zote: kwaya yenye majoho mekundu, migomba, udongo wa kaburi. Alipoitoa filamu kutoka kompyuta hadi kwenye kanda na kuitazama katika televisheni, wekundu haukuwepo. Kwaya ilivaa majivu.

Hakushtuka. Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, na kompyuta ile alijifunza bila mwalimu, kwa kukosea na kutukana. Alibadilisha waya. Alibadilisha kanda. Akachungulia kama programu imewekwa mfumo wa rangi wa Marekani badala ya huu wetu, kosa linalofanya picha itoke nyeusi na nyeupe. Wapi! Kila kitu kilikuwa sawa. Akaanza upya kuitoa filamu. Hesabu ikapanda kwenye kioo hadi asilimia sitini na tatu, ikakwama, na chumba kikanuka udongo mbichi, ule unaotoka chini sana.

Sitini na tatu ndipo alipokata. Na tusizunguke mbuyu: alijua alichokata. Frankline, kijana wa nyumba ya pili ya marehemu, alileta kanda na sharti moja, kwamba mikayi aondolewe. Mikayi ni mke wa kwanza, na katika boma la Mjaluo hakuna anayemtangulia. Mke mwenza hapandi mbegu kabla yake, wala havuni kabla yake. Kwenye kanda, Mikayi Dorsila alikuwa kiti cha mbele kabisa, amevaa koti la kahawia la mumewe kama ilivyo ada ya mjane. Wiki tatu baadaye naye akazikwa. Frankline alitaka filamu ianze na mamake, nyumba yao ionekane ndiyo kubwa.

Bathsheba alimfokea kwamba yeye hafanyi kazi ya kudanganya watu. Kijana akangoja amalize.

"Nyar Uriri," akamwambia, yaani binti wa Uriri, akimwita kwa jina la kwao, "yule mama hakuzaa. Nani atakuja kumuulizia?"

Bathsheba akakata. Vipande vya Dorsila akavifuta kabisa, maana kompyuta ilikuwa imejaa. Frankline akaichukua kanda yake, akarekodi mpira juu yake. Picha ya mama yule ikaisha duniani.

Jumatano kijani kikaondoka. Alhamisi waombolezaji wote walikuwa rangi ya moshi, isipokuwa kitu kimoja pembeni mwa picha, mahali ambapo hapakuwa na mtu: mkono wa koti, kahawia kabisa. Bathsheba akafuta, akatoa tena. Safari hii koti lilikuwa na bega. Akatoa mara ya tatu, na bega likawa na shingo iliyoanza kugeuka.

Akazima umeme ukutani.

Mchana huo binti yake Linet, wa miaka saba, alirudi kutoka shule akilalamika baridi. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Bathsheba akamvuta dirishani akidhani ni vumbi la chaki, akamfuta kwa kanga, akamfuta tena, kisha akamwambia atoe ulimi, na ulimi nao ulikuwa wa kijivu, na kidonda cha gotini kilikuwa kikitoka damu nyeusi kama wino, na alipomkimbiza kwa daktari akaambiwa mtoto hana homa wala upungufu wa damu, na njiani wakirudi, katikati ya watu wenye rangi zao, Linet alionekana kama picha ya gazeti iliyokatwa ikabandikwa juani.

Akamwita mzee Wangwe, mtu wa visiwani anayefukuza majini. Mzee alifika mlangoni, akanusa, akakataa kuvuka kizingiti.

"Nyathina, mwanangu," alisema polepole, "jini hufukuzwa kwa sababu limeingia kusiko kwao. Huyu ametolewa kwake. Nimfukuze aende wapi?"

"Nifanye nini, mzee?"

"Mrudishe."

Bathsheba akamweleza kwamba hana kipande hata kimoja cha kurudisha. Wangwe akajibu kuwa mwenye kukata kwa mkono anaweza kurudisha kwa mdomo, mradi aseme kweli. Kisha akaondoka upesi kuliko umri wake.

Bathsheba alimlaza Linet kwenye mkeka katika chumba cha nyuma. Akawasha kompyuta.

"Mikayi," alinong'ona, "mimi ndiye niliyekukata. Nilijua ni vibaya. Njoo ukae mbele."

Akabonyeza, na hesabu ikapanda, na udongo ukanuka hadi machozi yakamtoka, na ilipofika sitini na tatu haikukwama, bali katika picha koti la kahawia liliinuka pembeni, likapita mbele ya waombolezaji mmoja baada ya mwingine, na kila liliyempita alirudishiwa rangi yake, mke wa pili, Frankline, kwaya nzima ikawaka nyekundu, likafika kiti cha mbele na halikuketi, likaendelea kuja, uso ukajaa kioo, kioo kikawa cheusi, na chini yake pameandikwa asilimia mia.

Kimya. Harufu ilikuwa imeondoka.

Akakimbia chumba cha nyuma. Linet alikuwa amefumbua macho, midomo imerudi wekundu wake, mashavu yana joto. Bathsheba akapiga magoti, akalia, akashukuru.

"Mama, usilie," mtoto alinong'ona. Kisha, kwa adabu aliyofunzwa mbele ya wakubwa, akakunja miguu na kujisogeza ukutani, akaacha nafasi kando yake.

"Dani, huyu bibi wa koti, anasema amechoka kusimama."

Mkeka ukabonyea. Na blanketi, lenyewe, likavutwa taratibu hadi kidevuni mwa mtoto.