Ndila na Saa za Jua Kali

Filimbi ililia saa mbili kamili asubuhi. Wanawake ishirini na wawili wakainua majembe na kuanza kuchimba.

Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka wa 1986, karibu na soko la Kwa Vonza, Kitui. Wanawake hao walikuwa wa mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi. Wiki hii walichimba mitaro na kuinua matuta katika shamba la huyu, wiki ijayo katika shamba la yule. Matuta huzuia maji ya mvua yasibebe udongo. Mwaka uliotangulia, mvua kubwa ilikuwa imebeba mahindi ya Ndila mpaka mtoni.

Ndila alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mume wake, Mutunga, alitengeneza baiskeli sokoni. Mtoto wao aliitwa Musyoka. Ngozi ya Ndila ilikuwa nyeupe na nywele zake za manjano, ingawa baba na mama yake walikuwa weusi. Siku hizi tunasema mtu kama yeye ana ualbino. Wakati ule watu walitumia majina mengine, tena mabaya.

Tangu utoto Ndila alisikia kwamba watu kama yeye hawawezi kazi. Basi akaamua kufanya kazi kuliko wote. Mutunga alimnunulia kofia. Ndila aliitundika ukutani akaiacha hapo.

"Mimi si yai," alimwambia mume wake. "Jua ni la watu wote. Ndululu hatanicheka mimi."

Ndululu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mwethya. Filimbi ilikuwa yake, na sheria pia. Kazi ilianza saa mbili na kwisha saa saba. Aliyekosa mara tatu alifukuzwa, na shamba lake halikuchimbwa.

Kila jioni ngozi ya Ndila iliwaka kama imemwagiwa maji moto. Juu ya sikio lake la kushoto palikuwa na kidonda. Kilikauka, kikapasuka, kikatoa damu, kisha kikakauka tena. Alikifunika kwa leso.

Jioni moja alipeleka maziwa kwa jirani yake, Evanson Thuo. Thuo alikuwa mtu wa Murang'a. Serikali ilimweka pale atunze kituo kidogo cha kupima mvua na jua. Alikuwa mpole, lakini macho yake hayakupitwa na kitu.

"Mama Musyoka, kidonda hicho kina muda gani?"

"Ni mwiba tu."

"Nilikiona kabla ya Pasaka. Mwiba gani huo wa miezi mitano?"

Ndila akaweka chupa ya maziwa chini kwa nguvu. "Bwana Thuo, kama unataka maziwa, chukua maziwa. Kama unataka kumhurumia mtu, tafuta mwingine."

"Sikuhurumii hata kidogo. Unapigana na adui kila siku na humjui. Njoo nikuonyeshe."

Alimpeleka nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa waya. Juu ya nguzo fupi palikuwa na mpira wa kioo. Nyuma yake paliwekwa kadi ndefu. Thuo akaitoa kadi. Ilikuwa imeungua mstari mweusi kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Kioo hiki hukusanya joto la jua mahali pamoja, kadi inaungua," Thuo alisema. "Tazama. Asubuhi mstari ni mwembamba. Mchana kadi imetoboka kabisa. Jioni mstari ni mwembamba tena."

"Kila mtu anajua mchana ni moto."

"Ndiyo. Lakini jua hutuma na kitu kingine. Hukioni kwa macho, wala huwezi kukisikia kwa ngozi kama joto. Ni miale mikali. Wataalamu huiita miale ya urujuanimno. Hiyo ndiyo inayokula sikio lako."

Ndila alishika leso yake. "Mbona haili mbuzi? Mbona haiui mahindi?"

Thuo akatabasamu. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo pale Kwa Vonza.

"Hewa inatulinda. Juu sana, kupita mahali ndege inaporuka, kuna hewa iitwayo ozoni. Hukamata sehemu kubwa ya miale hiyo kabla haijatufikia. Wataalamu wanasema zamani sana hewa hiyo ilikuwa haba. Viumbe vilikaa ndani ya maji, na nchi kavu ilikuwa tupu. Iko sayari iitwayo Mirihi. Hewa yake ni nyembamba mno. Miale hupiga ardhi yake bila kizuizi, na hakuna aliyeona hata jani moja likiota huko."

"Kama hewa inatulinda, kwa nini mimi ninaungua?"

"Haizuii yote. Ile inayopita, watu weusi kama mimi tunasaidiwa na rangi ya ngozi. Rangi hiyo huzuia miale isiingie sana ndani. Wewe ulizaliwa bila rangi hiyo."

"Nililaaniwa."

"Hapana! Ulirithi. Baba yako alibeba hali hiyo bila kujua, na mama yako vilevile. Wote wawili walikupa. Hakuna aliyekosa."

Ndila aliitazama ile kadi iliyoungua.

"Mama yangu alikufa akiomba msamaha," alisema. "Kila Jumapili aliomba msamaha. Na hakuwa amefanya neno."

"Hakufanya neno lolote," Thuo alisema.

Ndila alipangusa macho. Kisha akainua kichwa. "Adui nimemjua. Anapigwa vipi?"

"Asubuhi jua liko chini. Mwanga wake huja kwa mshazari na kupita katika hewa nyingi, kwa hivyo miale mingi inakamatwa njiani. Mchana jua liko utosini. Njia ni fupi, na miale mingi inakufikia. Kwa hivyo kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, kaa kivulini. Usidanganywe na mawingu, miale hupita. Ukiwa nje wakati wowote, vaa kofia pana inayofunika masikio na shingo, na nguo nzito ya mikono mirefu. Lakini kwanza, sikio. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja hupelekwa hospitali. Nenda kesho."

Kesho yake Mutunga alifunga kibanda chake, wakaenda Kitui pamoja. Daktari alikata kipande cha juu cha sikio. Majibu yalipofika, yalisema ni saratani ya ngozi, na kwamba imetolewa yote.

"Mmewahi," daktari alisema. "Ingeingia ndani ya mwili, tungekuwa tunazungumza mengine."

Kidonda kilipopona, Ndila aliitungua kofia kutoka ukutani. Akaishonea kitambaa cha kufunika masikio na shingo. Akavaa shati la Mutunga la mikono mirefu, akaenda kwenye mkutano wa mwethya.

"Nitaanza kazi saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Saa tatu na nusu nitakuwa nimemaliza. Kila mwanamke huchimba hatua kumi kwa siku. Nami nitachimba hatua kumi. Nipimeni kwa kazi, msinipime kwa filimbi."

Ndululu alisimama. "Hapa hakuna sheria ya mtu mmoja. Leo wewe, kesho mwingine atasema mgongo unamuuma. Kazi ni saa mbili mpaka saa saba."

"Saa hizo zimenikata sikio, mwenyekiti. Sina la kuongeza."

"Basi tutakuondoa."

"Niondoeni kwenye kitabu. Shambani hamtaniondoa. Jumatatu ni zamu ya Kaluki, nami nitakuwa pale."

Kaluki, mjane wa miaka mingi, aliinua mkono. "Shamba ni langu," alisema. "Aje."

Jumatatu Ndila alifika kukiwa na umande. Udongo ulikuwa mgumu, lakini mwili wake ulikuwa na nguvu. Wenzake walipofika, alikuwa amechimba hatua saba. Saa tatu na nusu alipangusa jembe lake, akawaaga, akaenda kukaa kivulini. Wengine walinong'ona. Wengine walicheka. Alhamisi alifanya vivyo hivyo.

Jumatatu ya pili, shamba la Kaluki likiwa halijaisha, alimkuta Kaluki mwenyewe anamngoja, pamoja na wanawake watano.

"Asubuhi kuna baridi nzuri," mmoja alisema. "Kwa nini tungoje jua?"

Ndululu alifika saa mbili. Akawakuta saba wamepita nusu ya kazi. Alitoa kamba yake ya kupimia, akapima mtaro wa Ndila kutoka mwanzo hadi mwisho. Akapima tena.

Hakuomba radhi. Ndululu hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alivuta filimbi shingoni, akaitazama, akasema, "Kuanzia wiki ijayo nitapuliza saa kumi na mbili. Atakayechelewa, faini."

Shamba la Ndila lilichimbwa mwezi wa kumi. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilinyesha kwa hasira, lakini maji yalisimama kwenye mitaro na mahindi yakabaki. Mwezi wa kwanza walikula mahindi yao wenyewe.

Mwezi wa pili naibu wa chifu aliita baraza la wananchi, saa sita mchana. Wakubwa walikaa chini ya turubai. Wananchi walikaa kwenye nyasi, juani. Ndila alifika na kofia yake na kigoda. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akatembea moja kwa moja mpaka chini ya turubai, akaweka kigoda karibu na meza, akakaa.

Askari akaja mbio. "Mama, hapa ni pa wakubwa."

"Mimi sitafuti ukubwa, ninatafuta kivuli. Huko nje saa hizi miale ya jua inaniua. Kama hujui ni kwa nini, kaa nikueleze."

"Mama, ondoka!"

Nyasi zilichakarika. Ndululu alikuwa amesimama. Alikuja taratibu, akapita mbele ya askari, akakaa chini kando ya Ndila. Kaluki akafuata. Kisha wakaja wanawake wote wa mwethya, mmoja baada ya mwingine, mpaka turubai ikajaa na karani akasimama na karatasi zake nje, juani.

Naibu wa chifu aliwatazama. Akapangusa jasho. Kisha akamwambia karani aandike.

Baraza lililofuata liliitwa saa moja na nusu asubuhi.